Kisa cha Mama Mahamri: titi limejengwa vizuri, mbona hajaridhika?

Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, kama sarafu ya shilingi kumi hivi, upande wa chini wa titi la kushoto, na ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe nyeupe kama karatasi iliyolowa maji. Mafuta ya karai. Alikuwa jikoni kwake Kisauni alfajiri anachoma mahamri ya oda ya matanga, hamri moja likamponyoka likatumbukia vibaya, mafuta yakaruka, deraa likalowa kifuani, akajipangusa na leso akaendelea na kazi kwa sababu hakusikia kitu. Aligundua usiku akivua nguo, deraa likawa limeganda kwenye ngozi. Hapo ndo alianza kulia. Aliniambia uchungu haukuwepo hata chembe, kilichomliza ni kwamba mwili wake umeungua tangu alfajiri na yeye mwenyewe hana habari.

Mi ni nesi, nafanya kazi chumba cha kufunga vidonda katika hospitali moja hapa Mombasa, na huyu dada namjua tangu siku aliyolazwa mara ya kwanza. Ameniruhusu niandike, nimegeuza vitu viwili vitatu asijulikane, na hilo la Mama Mahamri ni jina nililompa mimi, mtaani wanamuita vingine. Naandika kwa sababu kwenye faili yake kuna mahali pameandikwa kwamba mgonjwa ameridhika na matokeo, na aliyeandika hivo ni mimi.

Turudi nyuma. Januari 2023, ana miaka 43, watoto watatu, bwanake ni makanika bandarini. Uvimbe titi la kushoto, akakatwa kinyama kidogo kikapimwa, ikatoka saratani, na ulivokaa ikabidi titi lote litolewe. Mpaka hapo hakuna geni, saratani ya matiti ndo inaongoza kwa wanawake Kenya na kila Jumanne kliniki imejaa. Kilichokuwa tofauti kwake ni kwamba kabla ya operesheni alikaa chini na daktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo akaambiwa titi laweza kujengwa upya. Wengi wetu hapa hawaambiwi kabisa. Wanatoka na kifua bapa, wanakunja kitambaa wanatia ndani ya sidiria, na kwa joto la Mombasa saa sita mchana hicho kitambaa kishakuwa maji ya jasho.

Njia zilikuwa mbili. Moja ni kuchukua nyama na ngozi ya tumboni, kuipandisha kifuani na kuunga mishipa ya damu chini ya darubini, operesheni ya masaa mengi na kovu refu la tumbo juu yake. Nyingine ni impulanti ya silikoni, yaani kifuko cha jeli kinachokaa mahali pa titi, operesheni fupi zaidi, ila inaenda kwa awamu: kwanza unawekewa puto tupu chini ya misuli ya kifua, linajazwa maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka ngozi itanuke, baadaye linatolewa inaingia impulanti yenyewe. Mama Mahamri akachagua impulanti, na sababu yake mi niliiona ina akili kabisa, yeye ndo anasimama juu ya karai kila siku, akikaa kitandani miezi akingoja tumbo lipone nyumba inalala njaa. Pesa nayo ni habari ndefu, familia ilichanga, chama chake cha kina mama kikaongeza, tuiache hapo.

Sasa nataka niseme kwa utulivu habari ya kujaza puto, kwa sababu jibu la kisa chote liko hapo na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nikalipita.

Puto lina tundu lake maalum lenye sumaku ndani, halionekani kwa nje. Unachukua kifaa kidogo chenye sumaku kinachoning'inia, unakipitisha juu ya ngozi, kikifika kwenye tundu kinajivuta kinasimama wima, hapo unatia alama na kalamu. Unasafisha, unachoma sindano, unasukuma maji, yeye alikuwa anapewa mililita 60 kila wiki. Siku ya kwanza nilimshika mkono nikamwambia vumilia dadangu, sindano hii itauma kidogo. Ikaingia. Akaniangalia akasema, "Mbona sijasikia kitu sista? Mkono wenu mwepesi nyinyi." Tukacheka sote, daktari akafurahi, mi nikafurahi, na wiki zote zilizofuata hakuna sindano iliyomuuma. Alichokuwa anasikia ni mbano tu, kama kifua kimefungwa leso kwa nguvu, siku mbili kinaachia. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akamwambia: mama, husikii kwa sababu ngozi hii imekufa ganzi, na huenda ikabaki hivo.

Kwanini imekufa ganzi ni jambo rahisi kulieleza. Mishipa ya fahamu inayoipa ngozi ya titi na chuchu hisia inatoka katikati ya mbavu, na ili ifike juu inapita ndani ya titi lenyewe, ile ya chuchu hasa inatoka ubavu wa nne. Ukitoa titi lote umeikata. Impulanti hairudishi kitu hapo, inajaza nafasi tu. Kuna wanawake wanarudi kusikia mgandamizo au mguso kidogo baada ya miezi au miaka, hasa pembeni, lakini ile hisia ya zamani kwa wengi hairudi.

Basi nani alitakiwa kumwambia? Baada ya kuungua nilirudi kuuliza. Daktari aliyetoa saratani alijua ganzi ni habari ya mtu wa kujenga titi, ndo anayekaa na mgonjwa muda mrefu. Daktari wa kujenga titi alijua ganzi imeletwa na operesheni ya kwanza, kwa hivo ishaelezwa huko. Na fomu ya idhini ilikuwa na mstari wake, iko kwa Kiingereza, na aliyemtafsiria ni mimi. Nakumbuka nilivosema. Nilisema, "Baada ya operesheni utahisi tofauti kidogo."

Wee isikilize hio sentensi kwa masikio ya mtu aliyeambiwa ana saratani wiki tatu zilizopita. Utahisi tofauti. Yeye alielewa nazungumzia moyo, kwamba atakuwa na huzuni, atajiona si kama wenzake, na aliniambia baadaye kwamba alijiandaa kweli kweli kwa hio huzuni, akaomba dua, akaongea na dadake. Kuhisi kwetu sisi kunabeba mwili na moyo pamoja, mwenye kusikia anachagua mwenyewe. Na neno lenyewe lipo, kila mtu Pwani analijua tangu utotoni, ukikalia mguu vibaya unasema umekufa ganzi. Ningesema "hapa patakufa ganzi, hata ukichomwa na pini hutasikia, pengine maisha yako yote", angeelewa kwa sekunde moja. Mi nilitafuta neno la upole, na upole wangu ndo ukampeleka kwenye mafuta.

Kidonda kilipona, alhamdulillahi. Lakini kilitutia hofu sana, kwa sababu tezi za kwapani zilikuwa zimekutwa na saratani kwa hivo baada ya kemo alipigwa miale, vikao 25 wiki tano, na ngozi iliyopigwa miale inakuwa nyembamba na mvivu kupona. Kidonda kikizama mpaka impulanti ionekane, hapo mara nyingi ni kuitoa. Tulimuona siku moja ndio moja hapana, dawa, bandeji, daktari anapima kwa macho kila mara, wiki tatu.

Katika hizo wiki tatu ndo nilimuuliza upya kama ameridhika, na safari hii sikuuliza swali moja.

Duniani kuna dodoso linaitwa BREAST-Q, lilitoka 2009, na uzuri wake ni kwamba linakataa kumuuliza mwanamke umeridhika au la halafu basi. Linagawa: umbo ukiwa umevaa na ukiwa hujavaa, mwili na kifua kinavofanya kazi, moyo wako mbele za watu, mambo ya chumbani, na tena, hili wengi wanalisahau, umeridhika vipi na maelezo uliyopewa kabla. Kila upande unapata alama zake sifuri mpaka 100. Mi sikumpa alama, nilikuwa natafsiri kwa mdomo tu na tafsiri ya mdomo si kipimo. Nilifuata ule mpangilio nikaacha aongee.

Akiwa amevaa, ameridhika mno. Deraa linakaa, buibui linakaa, alienda harusi Mji wa Kale akacheza mpaka asubuhi na hakuna aliyemuangalia mara mbili. Huyu ndo mtu niliyemuona mimi kliniki nikaandika ameridhika, kwa sababu kliniki anakuja amevaa.

Akiwa hajavaa, hivi hivi. La kulia limeshuka la watoto watatu, la kushoto limesimama, halina chuchu, kovu linapita katikati. Aliambiwa mapema la kulia laweza kupandishwa kidogo yafanane, akakataa, hataki kisu kingine, na hilo halimsumbui.

Kazi ndo ikaja na jambo ambalo sikulitarajia. Impulanti yake iko chini ya msuli wa kifua, na msuli huo ndo unaotumika kukanda unga. Kila akibonyeza donge la mahamri titi linajivuta kuelekea kwapani, akiachia linarudi. Alinionyesha pale pale, akaweka viganja juu ya meza yangu akasukuma kama anakanda, na kweli nikaliona chini ya nguo likipanda na kushuka. Haliumi. Ila binti yake mdogo aliliona siku moja akauliza mama hicho ni nini kinatembea, na tangu siku hio anakanda unga mlango umefungwa. Siku hizi kuna wapasuaji wanaweka impulanti juu ya msuli kuepuka jambo hili, na kwa mtu wa kazi ya mikono nadhani ni swali la kuuliza mapema kabisa, maana hakuna aliyewahi kumuuliza yeye mikono yake anaitumia vipi.

Baridi nayo. Silikoni haina damu inayopita, inachelewa kupata joto. Alisema kipindi cha kusi, mwezi wa saba, akivuka feri ya Likoni jioni na upepo, akifika nyumbani akilishika analiona kama chupa ya maji iliyotoka friji. Mwili mzima umeshapata joto, hapo bado.

Chumbani, nilikaribia kulipita hilo swali kwa haya, nikashukuru sikulipita. Bwanake alikuwa hamgusi upande ule zaidi ya mwaka. Yeye akajua bwana amechukizwa, akanyamaza. Nilimuomba aje naye, na yule bwana akakaa kwenye kiti anaangalia viatu vyake, mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Sista, likibanwa laweza kupasuka?" Mwaka mzima mtu anaogopa kumuua mkewe. Nikamueleza, silikoni ya siku hizi ni nzito kama jeli iliyoshikana, impulanti zinaweza kuchanika baada ya miaka, ndio, lakini kumkumbatia mkeo hakuipasui. Alivuta pumzi ndefu. Huyu pia alitakiwa kuwa ndani ya chumba siku ya maelezo na hakuna aliyemuita.

Tukafika kwenye maelezo, na hapo sauti yake ikabadilika.

Ili uelewe uzito wake lazima niongeze lililotokea baadaye, katikati ya 2025. Titi likaanza kuwa gumu. Mwili ukiingiziwa kitu kigeni unakizungushia gamba la kovu, hio ni kawaida kwa kila mtu, lakini kwa wengine gamba linajikaza linaibana impulanti, na aliyepigwa miale yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Madaktari wanapima kwa daraja za Baker kutoka 1 mpaka 4, yeye yuko 3, gumu na kwa macho linaonekana limepanda na kuwa duara, maumivu hana ya kumnyima usingizi. Kwenye vitabu vyetu hili ndo tatizo kubwa, laweza kumrudisha mezani, ilhali ganzi mara nyingi inahesabiwa ni matokeo ya kawaida tu.

Nikategemea atakuja na hasira. Akaja ametulia. "Hili la ugumu daktari alinichorea," akasema, "alichukua kalamu akachora duara akasema miale yaweza kulikaza, nikalijua nikalibeba. Lakini lile la ganzi mulilijua nyote, na mulinichoma sindano wiki baada ya wiki mukiniangalia."

Sina la kujitetea hapo. Na kitaalamu pia naona ana haki, kwa sababu ukipanga matatizo yake kwa vipimo vyetu ugumu unakuja juu na ganzi chini, ukiyapanga kwa vile yalivyomuumiza yanageuka juu chini, na kilichoyageuza ni kama alilijua kabla au alikutana nalo peke yake saa nne usiku mbele ya kioo. Wenzetu wa Marekani na Kanada walifuatilia wanawake kwenye hospitali 11 kwa miaka miwili, matokeo yakatoka 2018, na waliojengwa kwa nyama yao wenyewe waliridhika zaidi na matiti yao kuliko wa impulanti. Naamini hivo. Lakini ukimpa Mama Mahamri hayo matokeo leo atakwambia bado asingeacha karai miezi hio yote. Impulanti haikumkosea, uamuzi wake ulikuwa wake na ulikuwa mzuri. Sisi ndo tulimpa nusu ya habari akaamua na hio nusu.

Kuna mengine mawili nataka yajulikane. WhatsApp zimejaa sauti kwamba impulanti inaleta saratani, na alikuja amezisikia. Ukweli ni kwamba iko saratani adimu ya chembe za kinga inayotokea kwenye lile gamba, na imehusishwa hasa na impulanti zenye uso wa kukwaruza, ndo maana kampuni ya Allergan waliziondoa za kwao za BIOCELL sokoni dunia nzima Julai 2019. Ya kwake ni ya uso laini. Tulijua kwa kadi, ile kadi ndogo yenye aina na namba za impulanti, anaiweka kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mwenye impulanti asiipoteze kadi hio. Na impulanti si ya milele, mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri za silikoni ziangaliwe kwa kipimo cha picha, MRI au ultrasaundi, baada ya miaka 5 au 6, halafu kila miaka 2 au 3, hata kama huna tatizo, kwa sababu ikichanika mara nyingi haikwambii. Hio ni gharama ya kupanga mapema, na yeye aliisikia kwangu mara ya kwanza akiwa na bandeji kifuani.

Lingine ni chuchu. Tatuu hataki, dini haimruhusu, mi namheshimu kwa hilo. Binamu yake anapamba maharusi, akamchorea duara la hina, akaja kunionyesha anatabasamu kama msichana. Limetoka vizuri kweli, rangi ya kahawia iliyokolea. Nilimwambia jambo moja tu, hina ya majani sawa, piko hapana kabisa. Ile dawa nyeusi inaunguza hata ngozi nzima, sembuse ngozi iliyopigwa miale na isiyosikia, angekuja kujua pameungua kama alivyojua ya mafuta.

Sisi sasa tuna karatasi moja ya Kiswahili, tumeiandika wenyewe, na mstari wa kwanza kabisa unasema hapa patakufa ganzi. Chini yake jikoni: karai, pasi, chupa ya maji moto, mvuke wa sufuria. Na tunauliza kazi ya mikono, na tunamuita bwana kama yupo na mgonjwa anataka.

Mwezi uliopita alikuja dada wa Likoni, operesheni yake baada ya wiki mbili, ana karatasi hio mkononi lakini macho yake hayako hapo. Mama Mahamri alikuwa kwenye benchi anangoja daktari wa lile gumu. Aliniomba dakika moja, akamuingiza yule dada chumbani kwangu, akavuta pazia.

"Lete mkono mwanangu." Akauweka mwenyewe. "Bonyeza. Usiogope, bonyeza kwa nguvu."

"Lina baridi," yule dada akasema.

"Naam, lina baridi, na gumu. Wasikia unavonibonyeza?"

"Nasikia."

"Mi sisikii."

Yule dada hakutoa mkono. Alikaa hivo muda kidogo, halafu akamuuliza kama angeyajua haya yote mwanzo bado angekubali.

"Ningekubali," Mama Mahamri akasema akifunga vifungo. "Aproni ya turubai ndo ningeinunua mapema."